Safari ya Usa River: Mahali Ambapo Uhai Hulazwa Katika Baridi

Shangazi yangu anaishi Kibamba, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, na nyuma ya nyumba yake kuna banda la ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo, chotara mwekundu mwenye baka jeupe usoni, ndiye aliyewavusha watoto wawili elimu ya sekondari baada ya baba yao kustaafu kazi ya kiwandani. Kwa hiyo msomaji hatashangaa nikisema kwamba alipokataa kushika mimba, nyumba nzima ilipoteza usingizi.

Alihimilishwa mara ya kwanza, na baada ya siku 21 akalia tena kutaka dume. Akahimilishwa mara ya pili, na baada ya siku nyingine 21 akalia tena. Mara ya tatu ikawa vivyo hivyo. Fundi aliyekuwa akija kufanya kazi hiyo hakuwa na maelezo zaidi ya kusema kwamba ng'ombe ndiye mbovu. Maziwa yakawa yanapungua siku hata siku, kwani ng'ombe asiyezaa huishia kukauka, lakini pumba na mashudu havikupungua bei. Mwenye bucha wa jirani akaanza kupita mara kwa mara kumsalimia shangazi kwa adabu isiyokuwa ya kawaida.

"Wewe kazi yako ni kuandika," shangazi aliniambia jioni moja. "Basi nenda huko zinakotoka hizo mbegu, ukaulize kwa niaba yangu, kabla sijamwuza mnyama asiye na hatia."

Mkubwa akituma, hakuna hoja. Wiki iliyofuata nikapanda basi la alfajiri kuelekea Arusha.

Safari ni ya zaidi ya kilomita 600, na anayeisafiri mchana hupata darasa la jiografia bila ada. Baada ya Chalinze joto la pwani huanza kulegea. Korogwe mkonge umesimama kwa mistari kama askari wa gwaride, na milima ya Usambara, kisha ya Upare, humsindikiza msafiri upande wa kulia kwa saa nyingi. Katika nyika ya Same nilianza kuwaona ng'ombe wetu wa asili, wenye nundu na pembe fupi, wakitafuna majani makavu ambayo ng'ombe wa shangazi asingeyatazama mara mbili. Taifa letu lina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na sehemu kubwa mno ni hao wa asili, wavumilivu wa kiu na maradhi, lakini wenye maziwa haba. Nchi yenye utajiri huo wa ng'ombe ina watoto wengi wa mijini wanaokunywa chai ya rangi asubuhi. Jambo hili lilinifikirisha mpaka Moshi.

Usa River ni mji mdogo katika barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, yapata kilomita 20 kabla ya kufika Arusha mjini. Upande wa kaskazini Mlima Meru umeinuka kwa zaidi ya mita 4,500, na kutoka mapajani mwake hushuka vijito vya maji baridi, vinavyogawanywa kwa mifereji kwenda mashamba ya migomba, kahawa, mahindi na maua. Hapo ndipo panapochepuka njia ya kwenda hifadhi ya Taifa ya Arusha kupitia Ngurdoto, na watalii hupita wakiwa wameelekeza macho yao kwa twiga. Ni wachache wanaojua kwamba katika mji huohuo kuna wanyama wengine ambao thamani yao kwa Taifa haipungui hata kidogo ile ya twiga. Hao ni madume wa Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, ambacho wafugaji wengi hukiita kwa kifupi NAIC.

MADUME NA HALI YA HEWA

Katika kituo cha namna hii mgeni haingii kama aingiavyo sokoni. Viatu huoshwa kwa dawa kwanza, na kila anayekaribia mabanda huwa amekwisha kuulizwa atokako na kama ana ng'ombe nyumbani. Sababu yake ni nzito. Dume mmoja mgonjwa katika zizi la kijiji ataambukiza majike wachache. Dume mgonjwa katika kituo ambacho mbegu zake husambazwa nchi nzima anaweza kuambukiza majike wa mikoa yote. Ndiyo maana madume hupimwa mara kwa mara magonjwa ya kutupa mimba, kifua kikuu na maradhi yale yanayoenezwa kwa kujamiiana, na dume mgeni hutengwa kwanza mpaka ajulikane kuwa safi.

Nilionyeshwa madume wa jamii mbalimbali. Alikuwako Friesian mweusi mwenye mabaka meupe, mkubwa kama gari dogo, Ayrshire mwekundu, Jersey mwenye macho ya upole lakini tabia ya ukorofi, na Boran mwenye nundu, ambaye watu wa bara wanamjua vizuri kwa nyama na kwa ustahimilivu. Kila mmoja alikuwa na pete puani, kwani dume aliyenona na asiye na kazi nzito ni mnyama wa kuogopwa hata na aliyemlea.

Mtumishi aliyenitembeza, mtu mzima wa makamo mwenye sauti ya chini, nilimweleza habari za shangazi. Hakunijibu papo hapo. Alinyoosha kidole kuelekea mlimani.

"Ndugu, kwanza uelewe kwa nini madume wanawekwa mahali penye ubaridi kama hapa," alisema. "Mbegu huanza kuharibika kabla haijatoka kwa dume."

Maelezo yake yalikuwa haya. Maumbile yameweka viungo vya uzazi vya dume nje ya mwili kwa sababu mbegu huhitaji ubaridi wa nyuzi kama 4 au 5 chini ya joto la mwili. Dume akisimama juani siku nzima, au akipata homa, chembe za mbegu zinazotengenezwa wakati huo hutoka zikiwa na kasoro: nyingine zina mikia iliyojikunja, nyingine vichwa visivyo na umbo. Tena, utengenezaji wa chembe moja ya mbegu katika ng'ombe huchukua siku 61, na baada ya hapo hupita siku nyingine kama 10 za kukomaa katika mirija ya ndani. Maana yake ni kwamba homa ya leo huonekana katika mbegu za mwezi wa pili au wa tatu baadaye, wakati dume mwenyewe amekwisha kupona na kila mtu amesahau.

"Kwa hiyo kazi ya kuboresha mbegu huanzia kwenye kivuli, maji safi, majani mazuri na madini," alisema. "Mtu akidhani ubora huanzia kwenye mtungi wa baridi amechelewa kwa miezi miwili."

Uchukuaji wa mbegu wenyewe hufanyika asubuhi, kwa kawaida mara mbili hivi kwa wiki kwa kila dume. Dume huoshwa kwanza, na nywele za tumboni hupunguzwa, ili kinyesi na vumbi visiingie. Huletwa mbele ya mnyama mwingine aliyefungwa katika fremu ya mabomba, lakini haruhusiwi kumaliza haja yake mara moja. Hurudishwa nyuma, akazungushwa, akaletwa tena. Wataalamu waligundua zamani kwamba kucheleweshwa huko huongeza wingi wa mbegu anazotoa. Hatimaye mbegu hupokewa katika chombo cha mpira chenye maji ya moto ya kadiri katikati ya kuta zake, nacho huishia katika kichupa kidogo cha kioo. Maji hayo yakipoa mno dume hukataa. Yakizidi moto dume huumia, na ataikumbuka siku hiyo. Kazi nzima huchukua muda mfupi kuliko kuielezea.

HESABU CHINI YA HADUBINI

Kichupa hupelekwa mbio katika maabara, kikiwa kimefunikwa kisipigwe na jua wala upepo. Kilichomo ni kidogo: kwa dume mzima ni mililita 5 hivi, sawa na kijiko kimoja cha chai. Lakini ndani ya kila mililita moja huwamo chembe za mbegu zipatazo bilioni moja.

Niliruhusiwa kuchungulia katika hadubini. Tone lisilozimuliwa lilikuwa likizunguka na kupanda na kushuka kama mawingu ya masika yanayosukumwa na pepo mbili. Lilipozimuliwa, niliziona chembe moja moja, kila moja na kichwa na mkia, zikikata mbele kwa haraka. Mtaalamu huangalia mambo matatu: wingi wake, umbo lake, na mwendo wake. Zinazokwenda mbele sawasawa zikiwa chini ya 70 katika kila 100, mbegu za siku hiyo kwa kawaida hazifai kugandishwa. Humwagwa.

Nilishtuka kidogo kusikia neno hilo. Dume amelishwa, ameoshwa, ameandaliwa, na watu kadhaa wamefanya kazi tangu alfajiri, kisha yote yanamwagwa katika sinki?

"Ndiyo, humwagwa," alijibu mama mmoja aliyekuwa kwenye hadubini, bila kuinua macho. "Tusipozimwaga hapa, atakayezilipia ni mfugaji."

Sentensi hiyo niliiandika katika daftari langu na kuipigia mstari.

Zilizofaulu huzimuliwa. Hesabu yake ni nyepesi kwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mililita 5 zenye chembe bilioni moja kila moja ni bilioni 5. Mrija mmoja wa kumhimilishia ng'ombe mmoja huwekewa chembe kama milioni 20. Gawanya, na utapata mirija 250 kutoka kwa dume mmoja katika asubuhi moja. Dume wa kijijini kwa tendo moja angehudumia jike mmoja tu. Hapo ndipo ulipo utajiri wa elimu hii, na ndipo ilipo hatari yake pia, kwani kosa moja la asubuhi moja linaweza kuzidishwa mara 250.

MAKOSA YALIYOZAA ELIMU

Si vibaya msomaji ajue elimu hii ilikotoka, maana haikushuka siku moja. Mwitalia Lazzaro Spallanzani aliona mwaka 1776 kwamba mbegu zilizopozwa kwa theluji hulala, na zikipashwa joto baadhi yake huamka. Mwaka 1780 akamtia mimba mbwa jike bila dume kumkaribia, na baada ya siku 62 wakazaliwa watoto watatu. Katika Kenya uhimilishaji wa ng'ombe ulianza mwaka 1935, na mwaka 1946 kikaanzishwa kituo cha Kabete karibu na Nairobi, ambacho kingali kikifanya kazi hiyo hadi leo kwa jina jingine.

Tatizo la siku zile lilikuwa kwamba mbegu zilikaa siku chache tu na kufa. Mwaka 1940 watafiti wawili wa Marekani, Phillips na Lardy, waligundua kwamba kiini cha yai la kuku huilinda mbegu inapopoozwa. Naam, kiini kilekile cha manjano tunachokaanga asubuhi! Mafuta yaliyomo huikinga ngozi nyembamba ya chembe isipasuke kwa baridi ya ghafla. Hadi leo viini vya mayai vingali vikitumika katika vituo vingi duniani, ingawa siku hizi wako pia wanaotumia mafuta ya soya, ambayo hayana hofu ya kubeba magonjwa ya kuku. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 ilionekana pia kwamba kutia penisilini na dawa za jamii yake huua vijidudu na kuongeza mimba.

Lakini kugandisha kabisa kulishindikana mpaka yalipotokea makosa yenye baraka. Katika maabara moja mjini London, watafiti Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo katika maji ya sukari, bila mafanikio ya maana. Siku moja chupa iliyodhaniwa kuwa na sukari ikaleta maajabu: mbegu ziliamka baada ya kugandishwa. Walipoichunguza waliona kwamba kilichokuwamo hakikuwa sukari, bali gliseroli, kimiminika kitamu kisichoganda kwa urahisi. Chupa zilikuwa zimechanganywa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1949, na haikupita muda kabla ya kuzaliwa ndama wa kwanza wa mbegu zilizogandishwa.

Na mrija je? Hadithi yake inatoka Denmark. Bwana Sørensen, aliyekuwa akitafuta chombo chepesi cha kuhifadhia mbegu, aliwaona watoto katika sherehe ya kuzaliwa ya binti yake wakinywa sharubati kwa mirija. Akatambua kwamba alichokuwa akikitafuta kilikuwa midomoni mwa watoto. Baadaye, katika miaka ya 1960, Mfaransa Cassou akaitengeneza mirija ya plastiki inayotumika sasa, mingine ya robo mililita na mingine ya nusu. Juu ya kila mrija huandikwa jina au namba ya dume na siku ya kutengenezwa, ili mfugaji ajue baba wa ndama wake, asije baadaye akamzalisha binti kwa mbegu za baba yake mwenyewe.

NYUZI 196 CHINI YA SIFURI

Mbegu zikishachanganywa na kiini cha yai, gliseroli, sukari kidogo na dawa, hazitupwi katika baridi ghafla. Hupoozwa polepole mpaka nyuzi 4 au 5, zikaachwa humo saa kadhaa zizoee. Kisha mirija hulazwa juu ya mvuke wa naitrojeni, na mwisho huzamishwa katika naitrojeni yenyewe ikiwa katika hali ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo chembe haifi wala haiishi, imesimama. Inaweza kukaa miaka mingi, hata baada ya dume mwenyewe kuwa amekufa na kusahauliwa.

Nilimwuliza yule mama ni chembe ngapi zinazoamka. Alisema hata kazi ikifanywa vizuri, karibu nusu hupotea njiani. Adui wake ni barafu. Maji yaliyomo ndani ya chembe yakiganda vibaya huwa sindano zinazoitoboa. Ndiyo sababu kila kundi la mirija huchukuliwa michache, ikayeyushwa na kutazamwa tena chini ya hadubini. Zinazokwenda mbele zikiwa pungufu ya kiwango kilichowekwa, ambacho mahali pengi ni 40 au 50 katika kila 100, kundi zima huondolewa. Kwa mara ya pili, humwagwa.

Nikaona kwamba siri ya ubora si mtambo mmoja wa ajabu. Ni mambo madogo yanayofuatana: kivuli cha dume, usafi wa maji, yai lisilolala siku nyingi, kipimajoto kisichodanganya, saa ya ukutani, na mtu mwenye moyo wa kumwaga kilichoharibika. Likikosekana moja, mengine yote hayafidii.

KWA MAMA MMOJA MLIMANI

Mchana nilifuatana na mhimilishaji mmoja kijana, aliyefunga mtungi wake wa naitrojeni nyuma ya pikipiki, tukapanda njia ya vumbi kati ya migomba. Tulifika kwa mama mmoja wa Kimeru, ajuza mwenye kitenge cha buluu, aliyekuwa amekwisha kumfunga ng'ombe wake na kuandaa maji na sabuni.

"Shikamoo mama," tulisema.

"Marahaba wanangu. Alianza asubuhi kabla ya jua kutoka. Amesimama akipandwa na ndama wa jirani, wala hakukimbia. Nikasema kimoyomoyo, jioni ya leo ndiyo saa yake."

Kijana alitabasamu, akanieleza kwamba mama huyo hajapata kukosea. Ng'ombe anayeonekana asubuhi ahimilishwe jioni. Anayeonekana jioni ahimilishwe asubuhi ya kesho yake. Yai la ng'ombe hutoka saa kama 12 baada ya dalili za joto kwisha, na mbegu zilizogandishwa haziishi muda mrefu zikishaamka. Zikitangulia mno zinakufa zikingoja. Zikichelewa zinakuta yai limekwisha kuzeeka.

Nilimtazama akifanya kazi. Kwanza alimimina maji katika chupa ya chai, akatia kipimajoto, akaongeza maji ya baridi mpaka kikasoma nyuzi 37. Ndipo akafungua mtungi. Hakukiinua kikombe chenye mirija nje ya shingo ya mtungi. Alikileta karibu tu, akachomoa mrija mmoja kwa kibano kwa kasi, akakirudisha kikombe chini. "Mirija inayobaki ikipata joto kwa sekunde chache tu, barafu yake hubadilika ndani," alisema. "Ukiirudisha inaonekana vilevile kwa macho, lakini imekwisha kufa. Atakayeumia si mteja wa leo, bali wa kesho." Mrija ulikaa majini sekunde 30 kwa saa yake ya mkononi. Akaukausha vizuri kwa karatasi, kwa kuwa hata tone la maji huua mbegu, akaukata, akaupakia katika bomba, akaliweka bomba ndani ya shati lake lisipoe. Yaliyobaki yalikwisha kwa dakika chache, na ng'ombe akaendelea kutafuna shina la mgomba kana kwamba hakuna lililotokea.

Tulipokuwa tukinawa mikono, mama yule alitaja jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba yeye ni mjukuu wa watu wa Engare Nanyuki.

Wasomaji wa makamo wataikumbuka habari hiyo kutoka darasani. Mwezi Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima huohuo, ili ardhi yao igeuzwe kuwa mashamba ya mifugo ya walowezi. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba ufugaji wa kisasa ungefanywa vizuri zaidi na wageni. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kuliwasilisha shauri la watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, na sauti yake ikawa moja ya chemchemi za madai ya uhuru wa Tanganyika.

"Walisema sisi hatuwezi ng'ombe wa maziwa," alisema mama yule, akimfuta ng'ombe wake mgongoni kwa kiganja. "Huyu hapa. Mama yake nilimpata kwa mrija, na yeye nilimpata kwa mrija."

Sikuwa na la kuongeza. Enzi za ukoloni dume wa thamani alikuwa mali ya mwenye shamba kubwa, na mtu wa kawaida alimtazama kutoka nje ya seng'enge. Mrija ule mwembamba umeiruka seng'enge ile. Lakini ukiwa umebeba mbegu zilizokufa, umebeba matumaini matupu, na mtu wa kawaida anarudi palepale, tena akiwa amelipa.

MAJIBU YA SHANGAZI

Niliporudi Kibamba, shangazi alinikalisha barazani na kunihoji kama hakimu. Nilimwuliza mimi pia. Yule fundi aliyekuja, aliyeyusha mrija katika maji ya namna gani? Shangazi akafikiri. Mara ya kwanza, maji ya bomba. Mara ya pili, aliusugua katika viganja. Mara ya tatu aliomba maji ya moto kutoka birika la chai, wala hakuwa na kipimajoto. Na alikuja saa ngapi? Alipigiwa simu asubuhi, akaja kesho yake mchana, kwa kuwa alikuwa na wateja wengi. Na mtungi wake? Shangazi alikumbuka kwamba ulipofunguliwa ule moshi mweupe wa baridi haukuonekana kabisa.

Tulitazamana. Ng'ombe alikuwa akitafuna bandani, hana habari kwamba kesi yake imesikilizwa.

Siwezi kuapa ni lipi kati ya hayo lililoharibu kazi. Huenda ni moja, huenda ni yote. Tena joto la pwani lenyewe lina sehemu yake, maana ng'ombe mwenye damu nyingi ya kizungu huteseka jua la Dar es Salaam, na mimba changa hupotea kwa joto. Ndiyo maana wataalamu wetu wa Mpwapwa walitumia miaka mingi kuchanganya damu za ng'ombe wa asili, wa Kihindi na wa Kizungu, mpaka wakapata ng'ombe anayeitwa kwa jina la mji huo, mwenye maziwa na anayevumilia ukame wa Dodoma. Mfugaji wa pwani asikimbilie dume mkubwa kuliko wote kwenye picha. Achague damu inayolingana na mahali pake.

Shangazi alipaua banda upya kwa makuti ili lipate kivuli kizito. Akanunua kipimajoto chake mwenyewe, akakitundika kwenye msumari karibu na mlango. Akatafuta mhimilishaji mwingine, mwenye cheti na mwenye mtungi unaotoa moshi. Alfajiri ng'ombe alipolia, binti yake aliamshwa kuandika saa katika daftari, na jioni ileile kazi ikafanyika: nyuzi 37, sekunde 30, shangazi mwenyewe akiwa amesimama na saa ya marehemu baba yake mkononi. Mhimilishaji hakukasirika. Alisema angependa wateja wake wote wangekuwa wakali namna ile.

Siku ya 21 ilipita kimya. Siku ya 42 ikapita kimya pia. Mwezi wa tatu bwana mifugo alikuja, akavaa glavu yake ndefu, akapima, akatikisa kichwa kwa kukubali. Mwenye bucha siku hizi hupita upande wa pili wa barabara, na salamu yake imerudi kuwa ya kawaida.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna ng'ombe, na pengine maziwa unayafahamu katika pakiti tu. Lakini kila glasi ya maziwa inayomfikia mwanao imetanguliwa na asubuhi moja ambayo mtu fulani, mahali fulani penye baridi, alichungulia katika hadubini na kuamua kwa haki: hizi zipite, hizi zimwagwe. Kazi ya namna hiyo haipigiwi makofi, na ng'ombe hawezi kuishukuru. Tuiheshimu sisi kwa niaba yake, na kila mmoja katika kazi yake, awe kiwandani, ofisini au darasani, ajiulize kama naye ana moyo wa kumwaga kilichoharibika kabla hakijamfikia mwananchi.

Shangazi amekwisha kuchagua jina la ndama. Akiwa jike, ataitwa Usa.